Vigingi Ishirini na Vinne

Kituo cha Utafiti, Mukangu
8 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Natumai mko salama huko Shauri Moyo, wewe na magoti yako. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nilikupigia simu mara tatu na kila mara ukanijibu habari za mvua, nami sikuwa nimeuliza mvua. Jirani yako Willis aliniambia masikio yako yamekwisha kabisa, na kwamba miaka arobaini ya kuchonga vinyago ukuta mmoja na wafua mabati si mchezo. Ujumbe wa simu nao wewe unasema herufi zake ni ndogo kama chawa. Basi barua hii inakuja na basi hadi ofisi ya vifurushi mjini, na Willis atakuchukulia.

Nilirudi Mukangu mwezi wa Januari baada ya miaka mitatu ya masomo Eldoret. Miaka yote hiyo sikukanyaga huku. Clare Adongo, mwenzangu wa kazi, alikuwa akipima miti na kunitumia takwimu, nami nikizisoma mezani. Unakumbuka kazi yenyewe: ardhi iliyokuwa msitu, ikakatwa, ikalishwa ng'ombe hadi ikabaki nyasi na mipera. Tulipima viwanja kumi na vinane. Sita tukavipanda miti kila mahali. Sita tukavipanda kwa vikundi, kama visiwa. Sita tukavizungushia ua na kuviacha hivyo hivyo, tuone kama msitu utarudi wenyewe. Kila kiwanja kina kona nne, na kila kona ina kigingi kutoka kwako.

Matokeo ni kwamba vile vilivyoachwa ndivyo vinavyoongoza. Mkubwa wangu, Daktari Lusweti, amefurahi sana. Tarehe kumi Oktoba watu wa kaunti watakuja kusikia. Wakikubali, milima yote ya upande wa pili itazungushiwa ua na kuachwa, na vitalu vya miche vya akina mama vitafungwa kwa kuwa havitahitajika tena.

Juma lililopita nilikwenda kutafuta vigingi ili nipime upya mipaka. Katika viwanja vilivyopandwa nilivipata, vikavu, vimekuwa vyeusi. Katika vile sita vilivyoachwa, kona kumi na tisa kati ya ishirini na nne hazina kigingi. Zina mti. Ni muvuti, Baba, ule wa gome lenye miiba na maua mekundu. Hakuna mti unaojiotea kwenye kona za mraba. Ndege hutua juu yake, na chini kumejaa miche ya mikuyu iliyotokana na mavi yao.

Nilisimama pale nikaihesabu na sikuhisi lolote. Siku hizi ndivyo nilivyo. Nafanya kazi vizuri na sihisi kitu.

Ulinitumia mafungu mawili ya vigingi, na lile la pili ndilo tuliloweka katika viwanja hivyo. Lilikuwa la mti gani, na ulikauka kiasi gani?

Wako,
Mbinya


Shauri Moyo
17 Julai 2025

Mbinya, mama,

Nimepata barua yako. Willis aliileta imepakwa grisi, nikaipangusa. Mwandiko wako umeharibika tangu uanze kusoma sana.

Magoti yapo. Kazi ipo kidogo. Wazungu siku hizi wanataka bakuli tu, twiga hawamtaki, na mimi kumchonga twiga ndiyo kazi niliyozaliwa nayo, bakuli naliona kama adhabu. Kanisani wameniomba benchi. Shangazi yako Nthoki wa Mowlem anakusalimu na anauliza kama huko kuna wanaume.

Sasa umesoma hadi umefika mahali pa kumuuliza mchongaji kama anajua kukausha mti. Vigingi vyako vyote vilikuwa muhugu mkavu, mabaki ya kuchonga faru. Hiyo mivuti imeletwa na ng'ombe au na hao hao ndege wako. Mti ukitaka kuota kwenye kona utaota kwenye kona, nani wa kuukataza? Watu wa kaunti usiwachoshe na habari za vigingi. Waambie matokeo, wapige makofi, waende.

Karakana iko vile vile. Mahali pa ndugu yako Nzivo hapajakaliwa na mtu.

Kula vizuri.

Baba yako,
Matheka


Mukangu
29 Julai 2025

Baba,

Asante kwa barua. Mwambie shangazi wanaume wapo na wote wanapima miti.

Vigingi havikuwa muhugu. Mwaka wa kwanza Clare aliona viwili vinalegea ardhini, akaving'oa na kuweka vyuma badala yake. Yeye ni mtu asiyetupa kitu. Vigingi hivyo viwili viko stoo tangu siku hiyo, nyuma ya magunia. Vingine vitatu vililiwa na mchwa. Kumi na tisa viliota. Jumla ishirini na vinne.

Nilikata kimoja kwa kisu. Ndani ni cheupe na chepesi, hakina harufu. Mimi nimekua nikilala juu ya vumbi la muhugu, Baba. Harufu yake naijua kuliko ya nguo zangu.

Halafu niliona alama. Pale karakana kazi zote huingia stoo moja, na kila mchongaji huweka mkato wake ili kitu kikiuzwa ijulikane ni cha nani. Hata vijiko mliviwekea. Wewe huweka mkato mmoja. Vigingi hivi vina mikato miwili, mmoja juu ya mwingine, na mikato miwili ni ya Nzivo. Ulinitajia muhugu na faru. Kwamba Nzivo ndiye aliyechonga hukutaja.

Sikuulizi kwa ugomvi. Acha nikueleze kwa nini nauliza. Kama vigingi viliota, basi viwanja vile hatukuviacha. Tulivipanda bila kujua, ndege wakapata pa kutua, na msitu ukawafuata ndege. Kule milimani hakuna mti mrefu hata mmoja wa ndege kutua. Nikinyamaza, watazungushia ua nyasi na mipera na kungoja msitu usiokuja, na akina mama wenye miche watakuwa wamekwisha kufukuzwa. Nikisema, kazi yangu ya miaka minne imekwenda, na shahada pia. Hilo la pili nimelikubali. Nilidhani litaniuma na haliniumi.

Daktari Lusweti anasema bila ushahidi hayo ni mawazo yangu tu. Anataka barua iliyotiwa sahihi na aliyetengeneza: nani alichonga, mti gani, lini, na kama ulikuwa mbichi. Naomba uiandike.

Mbinya


Shauri Moyo
9 Agosti 2025

Mbinya,

Nzivo alinisaidia kidogo siku hizo. Labda muvuti uliingia kwa bahati mbaya. Ni zamani, sikumbuki kila kipande cha mti kilichopita mikononi mwangu.

Andika wewe unavyotaka, nitumie, nitatia sahihi.

Benchi la kanisa nimelimaliza. Mchungaji analikalia yeye.

Matheka


Mukangu
18 Agosti 2025

Baba,

Siwezi kukuandikia ushahidi wako halafu uutie sahihi. Hata Daktari Lusweti, anayetamani jambo hili lipotee, hawezi kulikubali.

Nimepata stakabadhi ya kifurushi kwenye faili la zamani. Fungu la pili lilitumwa tarehe 14 Septemba 2021. Nzivo alikufa tarehe 29. Tofauti ni siku kumi na tano. Uliniambia alianguka asubuhi kazini akiwa mzima, jioni hakuwepo. Nilikuja, tukamzika Mwala, kesho yake nikarudi huku kwa sababu miche ilikuwa imefika na mvua ilikuwa imeanza. Hukunizuia. Nilipanda miche siku tisa mfululizo na sikumbuki hata mmoja.

Pale Mwala, kabla jeneza halijafungwa, nilikuuliza mbona amekonda hivi. Ukasema maiti hukonda. Nikakuamini kwa sababu sikuwahi kuona maiti mwingine wa karibu. Mama alipokufa nilikuwa na miaka miwili.

Nimevishika vigingi hivi viwili kila siku tangu nivipate. Unajua Nzivo alivyokuwa akiweka alama yake. Alikuwa akipiga mara moja, mara mbili, basi, bila kuangalia, huku akiongea na watu. Mikato hii haikupigwa. Imekwaruzwa. Mtu amepitisha patasi pale pale mara nne au tano, na bado haikuingia.

Alikuwa mgonjwa, Baba? Tangu lini?

Mbinya


Karakana, Shauri Moyo
15 Septemba 2025

Dada Mbinya,

Niaje. Mimi si mtu wa barua, kwa hivyo ukiona makosa ruka. Ni mimi Willis Odongo, fundi wa mabati, jirani ya mzee wako.

Nakuandikia juu ya vile hujajibiwa na najua unangoja. Mzee hajashika kazi tangu barua yako ifike. Anakuja asubuhi kama kawaida, anafungua, anakaa pale mahali pa Nzivo, saa kumi anafunga. Ile barua alinisomea. Unajua hajisikii vile anaongea, kwa hivyo karakana yote ilisikia, mpaka wale wa masanduku wakaacha kugonga. Alipofika pale pa patasi alisimama, akaikunja.

Dada, mimi nilikuwepo hiyo 2021. Lakini hiyo si story yangu, ni ya mzee, na nimemwambia hivyo kwa kumwandikia kwa bati na chaki: MZEE MWANDIKIE MTOI. Ameifuta. Leo asubuhi nimeandika tena na hajaifuta.

Usimkatie tamaa.

Willis


Shauri Moyo
30 Septemba 2025

Kwa wanaohusika,

Mimi, Matheka Nzivo, mchongaji, nathibitisha kwamba vigingi ishirini na vinne vilivyotumwa Mukangu tarehe 14 Septemba 2021 vilikuwa vya muvuti mbichi. Mti ulikatwa siku mbili kabla ya kazi kuanza. Havikukaushwa. Vilichongwa vyote na mwanangu, Nzivo Matheka. Nilijua ni vibichi na nikavituma.

(sahihi) Matheka Nzivo


Ukurasa huo mpe Daktari wako. Huu ni wako.

Mbinya, mama,

Jana ilikuwa tarehe ishirini na tisa. Nilikaa karakana hadi saa kumi, kisha nikanunua karatasi.

Nzivo aliambiwa mwisho wa Aprili mwaka ule kwamba ni saratani ya damu. Wewe ulikuwa umetoka nyumbani baada ya Pasaka, umeshika kazi mpya. Tulirudi kutoka hospitali kwa miguu kwa sababu hakutaka gari. Alinunua mahindi ya kuchoma akala njia nzima kama mtu asiyeambiwa kitu. Tulipofika Gikomba akasimama akasema, "Mzee, usimshow Mbinya. Akijua atakam, na akikam hatarudi hiyo job." Nikakubali. Nilifikiri ni siri ya majuma mawili matatu, apate nafuu kwanza ndipo tukuambie.

Kila ulipopiga simu alikuwa akikaa wima kitandani ndipo apokee, ili sauti isitoke imelala. Alikuambia yuko bize na kazi ya hoteli. Hakukuwa na kazi ya hoteli. Shangazi yako Nthoki alihamia kwetu kutoka Mowlem kumpikia uji, naye nikamwapisha asiseme. Amekuwa akinilaumu kwa hilo tangu siku hiyo, na ana haki.

Mwezi wa Agosti hakuweza tena muhugu. Unajua ulivyo mgumu. Alipiga tezo ikamrudia. Nikampa jakaranda, nayo ikamshinda. Akaanza kuketi pale mahali pake akiangalia wengine wakifanya kazi, mikono imelala kwenye mapaja. Hilo sikuliweza, mama. Ugonjwa niliuweza, kumwosha niliweza, lakini mikono ile imelala sikuweza kuitazama.

Hapo ndipo ulipotuma habari kwamba vigingi vya kwanza havikutosha. Nilikuwa na mabaki ya muhugu makavu kabisa, nyuma ya mlango. Ningevimaliza asubuhi moja kabla ya chai. Badala yake nilikwenda Majengo kwa Dubow anayeuza magogo, nikamwambia nataka muvuti, na nautaka mbichi. Aliniuliza mara mbili kwa sababu hakuna mchongaji anayeomba mti wenye maji. Muvuti mbichi hata kisu cha jikoni kinaingia. Niliuweka miguuni pa Nzivo nikamwambia Mbinya anataka hivi haraka.

Alichonga siku kumi na moja. Siku nyingine kimoja, siku nyingine vitatu, siku mbili hakuchonga kitu. Alianza tena kuongea na watu. Aliwatania wale wa masanduku. Cha kwanza kilipoisha alikigeuza akakiangalia akasema, "Hii ni ya msitu, mzee. Lazima iwe straight." Alinyoosha kila kigingi kana kwamba kitawekwa kwenye kioo dukani.

Willis alikuja akashika kimoja, akasema, "Mzee, hiyo mti bado iko na maji." Nilimwangalia, akakirudisha. Nilijua. Kwetu Mwala watu huchomeka muvuti kwenye ua nao huota, hata mtoto anajua. Nilipanga nivianike juu ya bati angalau mwezi mmoja. Lakini alipomaliza cha ishirini na nne alitaka kuviona vikienda. Alisema, "Twende tupeleke leo." Hakusema kwa nini leo na mimi sikuuliza. Willis alileta mkokoteni, tukamketisha na fungu lake mapajani, tukaenda hadi ofisi ya vifurushi. Jina lako aliliandika mwenyewe. Basi lilipoondoka alilitazama hadi lilipokunja kona. Njiani kurudi alilala.

Baada ya hapo hakurudi karakana.

Nilikuambia maiti hukonda. Neno hilo nimelala nalo miaka minne. Nilikunyima miezi mitano ya ndugu yako, halafu nikaiharibu kazi yako, na yote mawili niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu. Kama ingekuwa leo, lile la kwanza nisingelifanya. Lile la pili sijui. Nakuambia kweli, sijui.

Pengine unangoja kusikia kwamba nalia. Silii. Nawaona watu karibu nami wakiongea na kucheka kama ninavyowaona akina Willis wakigonga mabati, mikono inakwenda na mimi sisikii kitu.

Nisamehe ukiweza.

Baba yako,
Matheka


Mukangu
19 Oktoba 2025

Baba,

Barua yako ilifika tarehe saba, siku tatu kabla ya wageni. Niliisoma nimesimama getini, nikaikunja, nikaenda kufanya kazi. Ndivyo ninavyojua.

Daktari Lusweti alisoma ukurasa wake mara mbili. Aliuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikamwambia karakana nzima ya Shauri Moyo inajua. Akasema nitawaeleza wageni mimi mwenyewe, kwa kuwa yeye hataweza. Nikawaeleza. Niliwapeleka hadi kwenye kona, nikawaonyesha mti, nikawaonyesha kigingi kutoka stoo, nikasoma ukurasa wako kama ulivyo. Mzee mmoja wa kaunti aliuliza huyu Nzivo yuko wapi aje ajibu. Nikasema alikufa siku kumi na tano baada ya kuvituma.

Mpango wa milima umesimamishwa. Akina mama wataendelea na miche yao. Wengine walikuja kunishukuru wakaniletea ndizi, na sikujua niweke uso gani. Viwanja vile sita vimetolewa kwenye utafiti. Tutapima vingine sita Desemba, na shahada yangu itangoja miaka minne mingine. Daktari alitaka mivuti ikatwe, kisha akasema haina haja, haimo tena kwenye hesabu. Itabaki pale na hakuna atakayeipima.

Tuliipima mara ya mwisho ili tufunge kitabu. Kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika mti ulivyofika: umepandwa, au umejiotea. Clare aliniuliza aandike nini. Nikamwambia aruke. Kumi na tisa wazi.

Mti wa kumi na moja ndio mnene kuliko yote. Clare alipokuwa anaandika niliukumbatia kupima mzingo, na mwiba ukaniingia hapa chini ya kidole gumba. Niliacha mkono pale pale. Ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kitu kuniuma, na nilitaka kiendelee. Clare aliniondoa. Hapo ndipo nililia, Baba, nikaketi kwenye nyasi nikalia hadi Clare akaketi pia, maskini, hajui hata nalilia nini.

Nimekukasirikia. Ningekuja. Mlijua ningekuja, ndiyo sababu hamkuniambia. Ningeketi naye pale siku kumi na moja nikimshikia kile kigingi kisiteleze. Usinijibu kuhusu hilo, bado sijawa tayari kusikia jibu.

Leo ni Jumapili na sijui kama nitahisi tena kesho au nitarudi nilivyokuwa. Tunahitaji vigingi ishirini na vinne vya viwanja vipya. Lazima viwe vikavu kabisa. Kituo kinaweza kununua vyuma, lakini nimesema nitakuagiza wewe.

Mbinya


Shauri Moyo
7 Novemba 2025

Mbinya, mama,

Umesema nisikujibu, sikujibu. Kasirika hadi hasira iishe. Mimi niko hapa hapa.

Willis anataka nije niione hiyo miti. Amechora ramani ya safari kwenye bati, na basi amelipaka manjano. Nimemwambia bado. Mti ukishaota una maisha yake, na bila shaka gome limekwisha kumeza mikato. Nikisimama mbele yake nitauona muvuti tu, na mivuti nimeiona mingi. Ile nafasi uliyoacha wazi kwenye fomu, usiijaze. Hata mimi sijui ningeandika nini.

Lakini vile viwili vya stoo, vilivyokataa kuota, nakuomba uje navyo Krismasi. Hivyo bado vina mkono wake, hata kama ni wa kukwaruza. Nitaviweka mahali pake pale karakana. Shangazi yako anasema atapika, nawe unajua anavyopika, kwa hivyo njoo umeshiba.

Fungu hili ndilo uliloagiza. Ni muhugu, mabaki ya miaka minne, yale yale yaliyokuwa nyuma ya mlango. Nilivichonga asubuhi moja, kabla ya chai. Nikavianika juu ya bati siku nne, jioni navitoa umande usivipate. Halafu, ili niwe na hakika, nilichukua viwili nikavichomeka kwenye ndoo ya udongo hapa uani. Nilivimwagilia maji siku tisa, asubuhi na jioni. Kila nikiamka nilikuwa naenda kuviangalia kwanza kabla ya kunawa uso, nikiinama na haya magoti, nikivigusa pale juu kama kuna kitu kinavimba. Majirani walinitazama. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Jana nimeving'oa nikavifuta udongo. Vimo humo pamoja na vingine, vyote vina mkato mmoja. Vichomeke bila wasiwasi. Hivi havitaota.

Baba yako,
Matheka